Kinga ya Mwili na Bei Yake: Historia ya Maradhi katika Pwani ya Ziwa Nyasa

Lipingo ni kata mojawapo ya Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma, katika ukingo wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Zamani sehemu hii yote ilihesabiwa katika Wilaya ya Mbinga, mpaka Nyasa ilipomegwa na kuwa wilaya ya peke yake mwanzoni mwa miaka ya 2010. Ziwa lenyewe liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na nchi iliyo kando yake ni ya joto. Wenyeji wake wengi ni Wanyasa, ambao maisha yao ni uvuvi wa usipa na samaki wengine, pamoja na kilimo cha mihogo. Mashariki ya pwani hiyo ardhi hupanda ghafula hadi Umatengo, nchi ya milima inayopita mita 1,300 na mahali pengine kukaribia 2,000. Huko Wamatengo hulima kwa mashimo yao mashuhuri yaitwayo ngolo, na usiku wa kipupwe watu huota moto. Kutoka nchi moja mpaka nyingine ni mwendo wa siku mbili kwa miguu. Lakini mtu akizitazama kwa jicho la maradhi, ataona nchi mbili zilizo mbali sana.

Mtu mzima aliyezaliwa na kukulia pwani ya Ziwa huumwa na mbu msimu baada ya msimu, na aghalabu homa ya malaria ikimpata humlaza siku mbili tatu, kisha huinuka akarudi mtumbwini. Mtu wa milimani akishuka kukaa pwani, homa hiyohiyo yaweza kumwua. Zamani wageni walioliona jambo hili walilieleza kwa upesi: walisema kwamba damu ya watu wa pwani ni damu ya namna nyingine, au kwamba Mwafrika amezaliwa na kinga asiyo nayo mtu wa Ulaya. Lakini Mmatengo naye ni Mwafrika. Historia ya maradhi katika sehemu hizi yafundisha neno jingine, nalo ni hili: kinga iliyo kubwa katika mwili si ya kabila wala ya rangi, ni elimu ambayo mwili huipata kwa kukutana na adui, na elimu hiyo ina bei. Kwa karne nyingi bei hiyo ililipwa na watoto wadogo.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Katika Kiswahili kukinga ni kuzuia kitu kisimfikie mtu, kama vile ngao ikingavyo mkuki. Lakini kukinga pia ni kutega chombo ili kupokea kitu, kama watu wakingavyo maji ya mvua penye mchirizi wa paa. Maana hizo mbili, kuzuia na kupokea, zaonekana kupingana. Hata hivyo zote mbili zaieleza sawasawa kazi ya mwili, maana mwili hauwezi kuuzuia ugonjwa vizuri mpaka kwanza umepokea habari zake. Neno chanjo nalo lina historia. Latokana na kuchanja, yaani kutia mikato midogo katika ngozi, kama walivyofanya waganga wa jadi walipochanja chale na kupaka dawa ndani yake. Sindano ya serikali ilipofika vijijini haikuhitaji jina jipya: watu walikuwa na neno tayari la dawa ipitayo katika ngozi iliyokatwa ili kumlinda mtu na jambo ambalo bado halijamfika.

Mwili wa binadamu hulindwa na ngome tatu. Ya kwanza ni ukuta: ngozi, makamasi ya pua na koo, machozi, mate, na tindikali ya tumboni. Vijidudu wengi hufia hapo bila mwenye mwili kuwa na habari. Ngome ya pili ni walinzi wa zamu. Mvuvi akichomwa na mwiba wa samaki, mahali hapo huvimba, huwa pekundu, na hushika joto. Wengi hudhani uvimbe huo ni kazi ya ugonjwa, kumbe ni kazi ya mwili wenyewe: mishipa midogo ya damu imepanuka ili kupitisha chembe nyeupe, nazo huwameza wavamizi mmoja mmoja. Usaha utokao baadaye ni mizoga ya pande zote mbili. Mtu aliyeitambua kazi hii ni Mrusi, Elie Metchnikoff. Katika mwaka wa 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichoma miiba midogo katika watoto wa kiti cha pweza, ambao miili yao ni myangavu kama kioo. Kesho yake aliona kwa darubini kwamba chembe zimekusanyika kuuzunguka kila mwiba.

Ngome mbili hizi mtu huzaliwa nazo, nazo hazichagui adui. Ngome ya tatu ni tofauti, kwa kuwa hiyo hujifunza. Mwaka wa 1890, katika mji wa Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyezoezwa sumu ya pepopunda kidogo kidogo yaweza kumlinda mnyama mwingine asiyepata kuzoezwa. Basi ndani ya maji hayo palikuwa na kitu, na kitu hicho siku hizi huitwa fingamwili, jina linalokumbusha fingo ambalo watu wa zamani walilizika mlangoni ili kuulinda mji. Kila fingamwili hulingana na adui mmoja tu, kama ufunguo na kufuli yake. Ile ya pepopunda haijui dondakoo, wala ile ya surua haijui ndui. Chembe zitengenezazo fingamwili hizi huzaliwa katika uboho wa mifupa. Wenzao, ambao huongoza vita na kuziua chembe za mwili zilizokwisha kuingiliwa, hufunzwa katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Faida ya tezi hiyo haikujulikana mpaka mwaka wa 1961, Jacques Miller alipoieleza huko London. Makutano ya chembe hizi ni tezi za shingoni, kwapani na kinenani. Ndiyo sababu mtu mwenye kidonda cha mguu huota mtoki: mtoki ni baraza la vita.

Jeshi hili la tatu lina udhaifu mmoja na nguvu moja. Udhaifu wake ni kuchelewa, kwa maana likikutana na adui mgeni huchukua siku nyingi, pengine juma moja au mawili, kumpata askari anayemfaa na kumzidisha awe maelfu kwa maelfu. Katika siku hizo mgonjwa aweza kufa. Nguvu yake ni kumbukumbu: vita vikiisha, baadhi ya chembe zilizopigana hubaki mwilini miaka mingi, hata maisha yote, na adui huyo akirudi hukutwa na watu wanaomjua. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwili ndivyo ulivyo. Taabu ni kwamba aliyeumwa na nyoka si lazima apone.

Hakuna ugonjwa ulioonyesha kumbukumbu hii waziwazi kama ndui. Katika karne ya 19 njia za misafara kutoka Kilwa zilikuwa zikipita katika nchi za kusini mpaka Ziwa Nyasa, zikichukua pembe na watumwa, na ndui ilisafiri pamoja na wasafiri. Richard Burton, aliyepita katika njia ya kati miaka ya 1857 hadi 1859, aliandika jinsi ndui ilivyoogopwa kuliko maradhi mengine ya safari, na jinsi wapagazi waliougua walivyoachwa njiani. Ugonjwa huo ulienea kwa pumzi ya mgonjwa. Dalili zake zilikawia kiasi cha siku 12, kwa hiyo mtu aliweza kusafiri mbali na kuingia miji mingi kabla ya kujua kwamba amebeba mauti. Lakini aliyepona hakuugua tena. Alama za usoni zilikuwa kama hati ya kinga, na mwenye nazo ndiye aliyeweza kumwuguza mgonjwa bila hofu.

Watu wa nchi mbalimbali waliifahamu siri hii kabla ya elimu ya hospitali, wakajaribu kuipunguza bei yake. Huko Uhabeshi, kama vile India na China, watu walichukua usaha wa mgonjwa wa ndui nyepesi wakautia katika mkato wa ngozi ya mtu mzima wa afya, ili augue kidogo na kupona. Mjini Boston katika Marekani, mtumwa wa Kiafrika aitwaye Onesimus alimweleza bwana wake Cotton Mather kwamba alifanyiwa hivyo kwao Afrika. Na maneno ya mtumwa huyo ndiyo yaliyosaidia kuianzisha kazi hiyo katika mji ule mwaka wa 1721. Mwaka wa 1796 Edward Jenner wa Uingereza alipata njia iliyo salama zaidi, kwa kutumia ndui ya ng'ombe. Ugonjwa huo wa ng'ombe wafanana na ndui ya watu kiasi cha kuufundisha mwili, bali hauna nguvu za kuua. Kwa maneno mengine, Jenner aliuonyesha mwili ung'ongo ili umjue nyoka kabla hajauma.

Wajerumani walichanja watu katika koloni lao, na Waingereza waliendelea baada yao, lakini dawa ya maji ilikuwa ikipoteza nguvu katika joto, na kijiji cha mbali kama kile kilicho kando ya Ziwa kiliweza kupokea dawa iliyokwisha kufa. Dawa iliyokaushwa, ambayo Leslie Collier aliitengeneza vizuri huko Uingereza katika miaka ya 1950, ndiyo iliyoondoa kikwazo hicho. Mwaka wa 1963 wachunguzi walitoa habari kwamba ndui ya Tanganyika ilikuwa na nguvu za katikati: si kali kama ile ya Asia, wala si nyepesi kabisa. Mwaka wa 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni kubwa ya kuifuta ndui ulimwenguni. Tanzania ilipata mgonjwa wake wa mwisho mwaka wa 1970. Tarehe 8 Mei 1980 ilitangazwa rasmi kwamba ugonjwa huo umekwisha duniani. Mtoto aliyezaliwa Lipingo baada ya hapo hana kovu la ndui, wala hahitaji; ni wa kizazi cha kwanza kisichodaiwa bei hiyo.

Malaria ni habari nyingine. Mwaka wa 1897 Robert Koch, mganga mkubwa wa Kijerumani, alifika Afrika ya Mashariki, akakaa mpaka mwaka uliofuata. Alipokuwa akichunguza homa aliona kwamba watu wa milima ya Usambara wakishuka nchi tambarare huugua, na watu waliozaliwa pwani hawaugui kama wao. Akasikia pia kwamba wenyeji wa milimani waliita homa hiyo mbu, jina lilelile la mdudu, wakisema kwamba huko chini wadudu hao huwauma na kuwatia ugonjwa. Hayo yalikuwa maneno ya watu wasiokuwa na darubini, nao waliyasema kabla ya Ronald Ross huko India na wenzake wa Italia kuithibitisha kazi ya mbu katika miaka ya 1897 na 1898. Yaliyokuwa kweli kati ya Usambara na pwani ya bahari yalikuwa kweli kati ya Umatengo na pwani ya Ziwa. Katika karne ya 19 Wamatengo walijikusanya milimani kujiepusha na mashambulio ya Wangoni. Milima iliwakinga na mikuki, na baridi yake iliwakinga na malaria, kwa sababu kijidudu cha ugonjwa huo hakikui upesi katika mwili wa mbu mahali penye baridi. Lakini ulinzi wa mahali hauchukuliki safarini. Baadaye, vijana wa nchi ya Songea walipokwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, mwana wa mlimani aliiacha ngome yake nyuma, na mwili wake ulianza darasa la kwanza ukubwani.

Miaka ya 1899 na 1900 Koch aliendelea na uchunguzi katika visiwa vya Java na New Guinea. Alipima damu za watu wa kila umri katika vijiji vyenye malaria nyingi, akakuta kwamba watoto wachanga na wadogo wamejaa vijidudu, na watu wazima karibu hawana. Maana yake ilikuwa wazi: mtu mzima hakuzaliwa na kinga, aliipata utotoni kwa kuugua tena na tena. Na wale ambao hawakuweza kuipata hawakuwamo katika hesabu, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuzikwa. Mtu mzima mwenye nguvu avutaye wavu ufukoni si ushahidi kwamba ugonjwa ni mwepesi. Ni mmoja wa waliobaki.

Ukweli huu ulipojulikana, ulitumiwa kwa namna inayofaa kukumbukwa. Waingereza J. W. W. Stephens na S. R. Christophers, baada ya kuchunguza homa huko Blantyre, kusini ya Ziwa Nyasa, kisha katika Afrika ya Magharibi, waliona kwamba chemchemi ya malaria ni damu za watoto wa Kiafrika. Mwaka wa 1900 shauri lao halikuwa kuwatibu watoto hao, bali kuzijenga nyumba za Wazungu mbali nao. Katika Ziwa lenyewe, misheni ya Kianglikana iliyokaa Likoma tangu miaka ya 1880 ilikuwa imepoteza wafanya kazi wake wengi kwa homa. Daktari wake, Robert Howard, aliyefika mwaka wa 1899, alitoa mwaka wa 1904 taarifa juu ya afya ya wamisioni wa Ulaya, na kuwahimiza kujilinda na mbu. Haifai kuwadhulumu watu hao: misheni hiyohiyo iliwatibu wenyeji kwa miaka mingi, na Liuli, katika pwani hiyo ya Lipingo, ilipata hospitali yake. William Percival Johnson, aliyezunguka vijiji vya pwani hii tangu miaka ya 1880, alikaa na watu wake mpaka alipokufa mwaka wa 1928, akazikwa hapohapo Liuli. Hata hivyo katika hesabu za serikali za wakati ule kifo cha mgeni kiliandikwa, na kifo cha mtoto wa kijijini kilihesabiwa kuwa jambo la desturi. Kinga ya watu wazima ilisifiwa, na bei yake haikutajwa.

Kwa nini mwili huchukua miaka mingi kujifunza malaria, na ndui hujifunza kwa mara moja? Jibu ni kwamba ndui ilikuwa na sura moja, bali malaria ni mwizi abadilishaye kanzu. Kijidudu chake huingia katika chembe nyekundu za damu na kuweka juu yake alama. Mwili ukiisha kuitambua alama hiyo na kutengeneza fingamwili zake, baadhi ya vijidudu huwa vimekwisha kuvaa nyingine. Kila kijidudu kina akiba ya alama kama 60, na vijidudu vya aina mbalimbali vina akiba mbalimbali. Mtoto hana budi kuzijua nyingi kabla hajaokoka, na hata baada ya hapo kinga yake si kamili: huzuia kifo kuliko kuzuia ugonjwa. Tena hupungua isipotumiwa. Mzaliwa wa pwani akikaa miaka mingi katika nchi isiyo na malaria, akirudi aweza kulazwa kama mgeni. Na mwanamke mwenye mimba ya kwanza, hata kama amekulia ufukoni, hukutana na alama mpya, maana kijidudu hujificha katika kondo la nyuma, kiungo ambacho mwili wake haujapata kuwa nacho.

Mama humpa mtoto wake sehemu ya elimu yake. Fingamwili zake hupita katika kondo kabla ya kuzaliwa, na nyingine humfikia mtoto katika maziwa, hasa yale mazito ya siku za kwanza yaitwayo dang'a. Kwa ajili hiyo katika miezi ya mwanzo mtoto wa pwani huwa na ulinzi wa kuazima. Mkopo huo ukiisha, na wake mwenyewe haujajengeka, ndipo hatari huwa kubwa. Mwaka wa 1961 Sydney Cohen, Ian McGregor na mwenzao Carrington walionyesha katika nchi ya Gambia kwamba fingamwili zilizotolewa katika damu za watu wazima, wakipewa watoto wagonjwa, hupunguza vijidudu vya malaria kwa haraka. Mwaka wa 1963 wakatoa habari kwamba fingamwili za watu wa Afrika ya Magharibi ziliwafaa hata watoto wa Afrika ya Mashariki. Basi hoja ya damu za kabila ilianguka: elimu ya mwili wa mtu wa Gambia iliweza kumlinda mtoto wa upande wa pili wa bara.

Ni kweli kwamba kuna ulinzi mmoja dhidi ya malaria ambao mtu hurithi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika ya Mashariki akaona kwamba chembe za damu zenye umbo la mundu hupatikana kwa wingi pwani na kandokando ya maziwa, na ni haba katika nchi za juu. Huko Bwamba, magharibi ya Uganda, karibu watu 4 katika kila 10 walikuwa nazo. Mwaka wa 1954 alieleza sababu yake: mtoto aliyerithi urithi huo kwa mzazi mmoja hulindwa na malaria kali. Lakini aliyeurithi kwa wazazi wote wawili hupatwa na selimundu, ugonjwa wa maumivu makali ambao kwa muda mrefu uliwaua wengi utotoni. Hata hapa hakuna zawadi ya bure. Watu wa pwani walilindwa kwa urithi ambao baadhi ya watoto wao waliulipia.

Kuna mambo mawili ambayo huivunja ngome hata iwe imara namna gani. La kwanza ni njaa. Fingamwili hujengwa kwa chakula kama mwili wote ujengwavyo, na tezi ya kifuani ya mtoto mwenye njaa husinyaa. Nchi za kusini zililijua jambo hili katika Vita vya Maji Maji vya miaka ya 1905 hadi 1907. Maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yaliahidi kinga ya risasi, nayo hayakukinga. Lakini risasi hazikuua watu wengi kama njaa iliyofuata, majeshi ya Wajerumani yalipochoma nafaka na kuharibu mashamba. Hesabu za waliokufa huanzia 75,000 na kupanda kupita 250,000, na wengi wao waliuawa na njaa pamoja na maradhi yaliyoikuta miili isiyo na silaha. Jambo la pili ni ugonjwa uliotambuliwa Tanzania kwanza katika Mkoa wa Kagera, mwaka wa 1983. Virusi vyake havishambulii ukuta. Huingia ndani ya zile chembe ziongozazo vita, na jeshi lote hubaki bila amiri. Jina lake, UKIMWI, yaani Ukosefu wa Kinga Mwilini, liliingiza neno kinga katika kila nyumba, hata watu ambao hawakupata kusoma elimu ya mwili wakajua kwamba ndani yao mna kitu kinachowalinda, kwa kuona kilivyotoweka.

Juhudi za miaka ya karibuni zimekuwa kuufundisha mwili habari za malaria bila kumtoa mtoto kafara. Tanzania imekuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo. Huko Idete, karibu na Ifakara, dawa ya SPf66 iliyobuniwa Colombia ilijaribiwa kwa watoto 586, na mwaka wa 1994 ilisemekana kupunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Lakini majaribio ya nchi nyingine hayakuthibitisha, ikaachwa. Baadaye watoto wa Bagamoyo na Korogwe waliingia katika jaribio la dawa ya RTS,S, lililofanywa tangu mwaka wa 2009 hadi 2014 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Watoto waliopata sindano nne walipungukiwa na malaria kwa kiasi cha asilimia 36 katika muda wa miaka minne. Si ushindi kama wa ndui, maana mwizi wa kanzu nyingi hakamatwi kwa urahisi. Lakini tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri itumiwe, na katika Oktoba 2023 likashauri dawa ya pili, iitwayo R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo. Chandarua na dawa ya kutibu hazikupoteza kazi yake. Chanjo isiyo kamili ni ukuta mmoja katika ngome yenye kuta kadhaa.

Maisha ya mtu mmoja wa Afrika ya Mashariki yanayakusanya mambo haya yote. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Marka, Somalia. Oktoba 1977 aliugua ndui, akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Hakuwa amechanjwa ipasavyo, kwa sababu aliiogopa sindano. Alipona, na tangu hapo mwili wake uliijua ndui. Miaka ya baadaye alijitolea kuwashawishi wazazi wapeleke watoto wao kuchanjwa polio, akiwaambia habari zake mwenyewe ili wasiifuate hofu yake. Julai 2013, akiwa katika kazi hiyo, alikufa kwa malaria. Kinga aliyoinunua kwa hatari kubwa haikumfaa kwa adui mwingine. Ndivyo zilivyo kinga zote, kila moja na adui wake. Watoto wa Lipingo bado wana adui huyo mlangoni. Elimu ya kumshinda mwili wanayo, kama walivyokuwa nayo babu zao. Jambo lililo mikononi mwa watu wa zama hizi ni kuhakikisha kwamba hawailipii kwa bei ya zamani.